Mtoto Anataka Kusomea Samaki

Mwalimu, binti yangu kamaliza kidato cha sita, anataka kwenda SUA kusomea samaki. Si kazi ya wavuvi hiyo?

Mvuvi hutafuta, mfugaji hulea. SUA, yaani Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichopo Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina shahada ya ukuzaji viumbe maji. Baiolojia na kemia zake zikoje? Hapo ndipo pa kuanzia, mama.

Ni nini hasa atakachojifunza?

Maji. Samaki wenyewe huja baadaye. Huwa nawapeleka wanafunzi bwawani saa kumi na moja alfajiri, wamejifunika khanga na masweta, wakanung'unike huko huko. Wanakuta sato wamejaa juu, midomo nje, wanahema. Mwanafunzi mgeni husema wana njaa. Hapana, wamekosa hewa. Vimea vinavyoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku navyo huivuta, kwa hiyo karibu na mapambazuko ndipo inapokuwa kidogo kabisa. Ukiwamwagia chakula saa hiyo, umeongeza uozo. Kipimo cha bure ni mkono: uzamishe wima, kiganja kimekunjwa. Kikipotea machoni maji yakiwa kwenye kiwiko, vizuri. Kikipotea kabla, acha kutia samadi.

Mbona nasikia huko SUA wanasoma na mazao na mifugo?

Kwa sababu chakula cha samaki mara nyingi hula zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji. Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa: asiyejua bei na protini zake atafuga hasara.

Alama zisipotosha?

Kuna stashahada za FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, huko Mbegani na Nyegezi. Wengine hupandia hapo kwenda shahada.

Ajira zipo?

Za serikali ni chache, sikufichi. Vizimba vya samaki vya Ziwa Victoria vinahitaji wataalamu. Zanzibar, wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wanaona aina ya cottonii ikifa maji ya kina kifupi yakipata joto. Huko kuna kazi ya maana.

Anasema likizo atachimba bwawa nyuma ya nyumba. Nimruhusu?

Kwanza achimbe chini kidogo, achukue konzi ya udongo, aulowanishe, aufinyange tonge, alirushe juu na kulidaka. Lisipomeguka, mpe jembe. Likisambaratika, apande mchicha.