Shilingi ya Kuongeza Huleta Nini?

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu hapa Likoni tuliulizwa swali ambalo yatupasa kulijibu kwa utaratibu: wenye kuendesha mfuko wa zaka wakituomba fedha zaidi ili waipanue kazi yao, tutajuaje kuwa fedha hizo zitawafaa mafakiri? Wengi hujibu upesi: "Tazameni waliyoyafanya mwaka jana." Jibu hili halitoshi.

Kitazameni kivuko chetu. Asubuhi watu husongamana upande wetu wakingoja kwenda kisiwani. Ikiongezwa feri moja saa hiyo, huvusha watu ambao wangaliachwa. Lakini ikiongezwa wakati ambao zilizopo hazijai, haimvushi ila yule ambaye angalivuka kwa nyingine. Feri ni ile ile na mafuta ni yale yale, lakini manufaa ni mbali mbali. Basi swali si feri zote zimevusha wangapi, bali hii ya kuongeza imemvusha nani ambaye asingalivuka?

Na zaka ni hivyo hivyo. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba imetaja mafungu manane ya wenye kupewa zaka, na wenye kuitumikia ni fungu mojawapo. Kwa hivyo kumlipa amili si kosa. Lakini natuhesabu.

Tuseme mfuko una amili mmoja wa miezi miwili, ujira wake shilingi 60,000, naye hukusanya 600,000. Waombwa 60,000 nyingine za amili wa pili, kwa hoja kuwa kila shilingi huleta kumi. Huyu wa pili akaingia mitaa iliyobaki, akakusanya 150,000. Walakini 100,000 katika hizo ni za watu waliokuwa wakitoa zaka zao kwa mikono yao kila mwaka. Zilizozidi kweli ni 50,000, na ujira ni 60,000. Mafakiri wamepungukiwa na 10,000, na taarifa ya mfuko itasema kuwa mfuko umekua! Na yuko mjane aliyekuwa akipewa na jirani yake, mwaka huu aambiwa: "Nimekwisha peleka mfukoni."

Lakini lau 150,000 zote zingalitoka kwa watu wasiopata kutoa zaka kabisa, faida ingalikuwa 90,000, na kumnyima amili huyo ujira kungalikuwa ni kuwadhulumu mafakiri. Hesabu ya mfukoni ni moja katika hali zote mbili. Kinachozitenga ni kumwuliza kila mtoaji mpya: mwaka jana ulitoa ngapi, na ulimpa nani?

Njia nyingine ni kulinganisha. Katika kaunti ya Siaya, baina ya 2014 na 2017, jumuiya iitwayo GiveDirectly iliwapa maskini wa nyumba zaidi ya 10,000 takriban dola 1,000 kila nyumba. Vijiji 653 viliingizwa katika uchunguzi, na vya kupewa vikachaguliwa kwa kura. Wataalamu walipolinganisha waliona kuwa hata nyumba zisizopewa zilinufaika, kwani fedha zilizunguka katika biashara za hapo, na bei hazikupanda ila kidogo mno. Lau wangaliwahesabu waliopewa tu, wangaliipunguza kheri ile. Nasi tukihesabu kila kiingiacho mfukoni, twaizidisha. Basi amili wa pili na aanzie mtaa mmoja, na mtaa mwingine ulio mfano wake uachwe kwanza, kisha yatazamwe yaliyotokea katika yote miwili.

Wako watakaosema kuwa kuuliza hivi ni kuwadhania watu vibaya. Sivyo. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka za Banu Sulaym, na aliporudi alimfanyia hesabu. Wenye mfuko wasichukizwe na swali hili, na sisi watoaji tusione haya kuliuliza kabla ya kufungua mkono. Mali hii ni amana, na mwenyewe ni fakiri.

Wabillahi tawfiq.