Hasikii: Niliyojifunza Kwenye Kliniki ya Masikio

Kwa miaka mitatu nilimwita mwanangu mkaidi. Ukimtuma chumvi analeta kiberiti. Ukimwita mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, mpaka upaze sauti ndipo anageuka na macho ya mtu aliyeonewa. "Mtoto huyu hasikii," nilikuwa nawaambia majirani, nao wakijibu kwamba hata wa kwao hawasikii. Bibi yake, mama yangu mzazi, alikuwa na lake moja: sikio la kufa halisikii dawa. Hakuna kati yetu aliyejua kuwa anasema kweli tupu. Sikio la mtoto lilikuwa linakufa.

1. Kiswahili kilinidanganya

Lugha yetu inatumia neno lilelile kwa mtoto asiyetii na mtoto ambaye sauti haimfikii. Aliyenitenganishia maana hizo mbili hakuwa daktari, alikuwa ustadh wa chuoni kwetu hapa Tanga.

Aliniita baada ya darasa la jioni. Mtoto, alisema, akisoma pamoja na wenzake mdomo unakwenda vizuri, lakini akisomeshwa peke yake sini, shini na thaa zote zinatoka sauti moja. Ustadh akamhamisha kutoka mkeka wa nyuma akamketisha mbele yake, upande wa kushoto, na herufi zikaanza kurudi moja moja. "Huyu hasikii," akaniambia. Nikaanza kuomba radhi, kwamba hata nyumbani ndivyo alivyo. Akatikisa kichwa. "Siyo hasikii hiyo, mama. Hasikii ya masikio."

Nilirudi nyumbani nikihesabu makofi niliyompiga.

2. Sikio si chupa

Sikio lake la kulia lilikuwa likitoka usaha tangu ana miaka miwili. Nikaambiwa ni meno. Meno yakaota yote, usaha ukabaki. Kila aliyepita alikuwa na dawa yake na mimi nilizimimina zote: mafuta ya nazi yaliyopashwa na kitunguu saumu, maziwa yangu mwenyewe nilipokuwa namnyonyesha mdogo wake, maji ya chumvi, matone ya macho yaliyobaki kabatini. Zahanati walinipa dawa ya maji ya antibayotiki zaidi ya mara nne. Anakunywa siku tano, panakauka, baada ya wiki mbili mto wake unanuka tena.

Tulipopata rufaa na kufika kwa daktari wa masikio, pua na koo, kitu cha kwanza alichotaka ni orodha ya vyote vilivyowahi kuingia kwenye sikio lile. Nikaanza kuvitaja kwa sauti ya chini, kama mwizi anayetaja alivyoiba. Aliandika vyote bila kucheka. Alisimama kwenye kimoja tu, chupa ya matone ya gentamaisini niliyouziwa dukani. Ngoma ya sikio ikiwa na tundu, alinieleza, dawa ya jamii hiyo inaweza kupenya hadi sikio la ndani na kuua chembe za kusikia, na zikifa hazioti tena. Watu wazima wanaokumbuka masikio yalivyolia kwa kwinini wataelewa kwamba dawa huweza kuponya kwingine na kudhuru sikioni.

Aliniambia pia, na hili nalirudia kwa kila mama ninayekutana naye: usaha uliopita wiki mbili si wa kusubiri. Na mtoto akivimba nyuma ya sikio, au akipata homa kali na shingo kukakamaa, hiyo ni safari ya usiku huohuo, kwa sababu mfupa wa nyuma ya sikio na ubongo ni majirani.

3. Daktari wa masikio huanza puani

Nilimleta kwa sikio, daktari akamulika pua. Akaniuliza kama mtoto anakoroma. Anakoroma kuliko babu yake, nikasema, na analala mdomo wazi. Akaniuliza kuhusu mafua. Yapo mwaka mzima.

Kuna kimrija kinachotoka nyuma ya pua kwenda nyuma ya ngoma ya sikio. Ndicho kinachofunguka ukimeza mate gari linapopanda Lushoto na masikio yamejaa. Kwa mtu mzima kimrija hicho kimeinama, kwa mtoto ni kifupi na kimelala, hivyo uchafu wa mafua unapita kirahisi. Mwanangu alikuwa na nyama za puani zilizoota mpaka zikaziba mlango wa kimrija hicho. Sikio la kulia lilitoboka kwa usaha, la kushoto lilikuwa zima kwa nje lakini limejaa majimaji nyuma ya ngoma. Nyama zile walizitoa kupitia mdomoni, mtoto akiwa kwenye usingizi wa dawa, bila kuacha kovu. Usiku wa kwanza nyumbani alilala kimya kiasi kwamba niliamka mara mbili kuangalia kama anapumua.

Niongeze jambo moja ambalo kwetu husemwa kwa kunong'ona. Kabla ya yote haya, mama yangu aliwahi kumtafuta mzee wa kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, eti ndicho kinachomletea kikohozi na kukoroma. Nilikataa kwa sababu ya woga tu, wala si kwa elimu. Daktari alipomfungua mtoto mdomo na kukikuta kimeo mahali pake alisema, "Afadhali." Amewapokea watoto waliokatwa, wakavuja damu hadi wakahitaji kuongezewa. Vijana siku hizi wanaita kitu kibovu kimeo. Chenyewe hakina ubovu wowote.

4. Utambi

Nilitegemea sindano. Nikafundishwa kusokota.

Unachukua kipande cha kitambaa safi cha pamba au karatasi laini isiyochanika ovyo, unakisokota kwa vidole viwili mpaka ncha iwe kama utambi wa kibatari. Pamba ya kijitini haitakiwi, wala njiti, wala ukucha wa kidole kidogo. Unavuta sikio juu na nyuma kidogo, unaingiza utambi polepole, unauacha unywe. Unautoa umelowa, unatupa, unaingiza mwingine. Mpaka utoke mkavu. Ndipo matone aliyoandika daktari yanaingia, na mtoto analala ubavu huku unambonyeza kinyama cha mlangoni mwa sikio ili dawa ishuke. Mara tatu kwa siku.

Siku ya kwanza tulitumia tambi tisa. Nilikaa chini ya balbu ya barazani, kichwa chake mapajani, tukizihesabu pamoja. Siku ya kumi na moja ulitosha mmoja. Miaka minne nilimimina vitu kwenye sikio lile, na dawa haikuwahi kufika kokote kwa sababu ilikuwa inaogelea juu ya usaha.

Kilichomuuma yeye ni bahari. Mtoto wa Tanga kukatazwa kupiga mbizi! Kuoga ilikuwa kwa pamba iliyopakwa vaselini, imezibwa sikioni, na ufukweni Raskazone akawa mlinzi wa nguo za wenzake.

5. Hamsini si alama ya kufaulu

Kipimo cha kusikia kilifanyika kwenye chumba kidogo kilichofunikwa kuta kwa sponji. Alivaa vipokea sauti vikubwa, mkononi ana kete ya plastiki. Kila akisikia mlio, anatumbukiza kete kwenye ndoo. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikitazama taa ya mtaalamu inawaka na mkono wa mwanangu umetulia tuli. Inawaka, mkono haujatikisika. Nilitaka kumgusa begani.

Nikapewa chati, viduara vyekundu vya sikio la kulia, alama za x za bluu za kushoto. Kulia 50, kushoto 35. "Amepata hamsini? Basi si mbaya," nikasema. Mimi ni mwalimu, nimezoea hamsini. Mtaalamu akanigeuzia karatasi. Zile ni desibeli, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo sauti inavyopaswa kukuzwa ili mtoto aanze kuisikia. Mnong'ono ni kama 30. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kwa sikio la kulia, maneno yangu ya kawaida yalikuwa yanamfikia kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta, na zile sauti nyembamba za sini na shini zilikuwa zinaishia njiani.

6. Barua kwa mwalimu wake

Mistari mitatu: akae mbele, sikio la kushoto lielekee kwa mwalimu, mwalimu asiongee akiwa ameligeuzia darasa mgongo. Haikugharimu kitu. Ndiyo tiba iliyofanya kazi haraka kuliko zote.

7. Kwenye benchi

Foleni ya kliniki ile ni ndefu, na benchi linafundisha. Kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma aliyeambiwa kelele za miaka ishirini zimemla masikio. Kulikuwa na mama mwenye binti wa mwaka mmoja na nusu aliyezaliwa kiziwi, anasubiri rufaa ya Muhimbili, ambako kuanzia 2017 wanapandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio. Kabla ya hapo watoto wengi walipelekwa India. Alikuwa anahesabu miezi, kwa maana kifaa kile kinafaa zaidi kikiwahi kabla umri wa kujifunza kusema haujapita. Mkononi alikuwa na karatasi yenye michoro ya lugha ya alama, anajifunza. "Nikikosa kile, nitakuwa na hiki," aliniambia. Mimi nilikuwa nimekuja nikijiona mwenye mzigo mkubwa kuliko wote.

8. Mbona mnapiga kelele?

Tundu la ngoma halikuzibwa upesi. Daktari alitaka kwanza sikio likauke na likae kavu, kisha mtoto akue. Akiwa na miaka kumi walichukua ngozi nyembamba inayofunika msuli wa juu ya sikio wakatia kiraka. Wiki kadhaa baadaye, sikio limefunguliwa, tumekaa tunakula, akaweka kijiko chini.

"Mama, mbona mnapiga kelele?"

Tulitazamana. Nyumba nzima tulikuwa tumezoea kuongea kwa kupaza sauti, hata pale tunapoombana maji.

9. Redio ya bibi

Mtoto ndiye aliyemgundua bibi yake. Alisimama nyuma ya kiti chake akanong'ona jina lake, kama daktari alivyomfanyia. Mama hakugeuka. Mtoto akaniangalia mimi.

Kwa wazee huanza kupotea sauti nyembamba. Mama alikuwa anasikia kwamba watu wanaongea ila hasikii wanasema nini, na alikuwa ameshaamua kwamba sisi ndio tunaonong'ona siku hizi. Sasa ana mashine ya kusikia. Kwenye karatasi wameiandika shimesikio, yeye anaiita redio. Betri zake ni vidonge vidogo vyenye kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukikibandua hewa inaingia na betri inaanza kazi, utumie usitumie. Hatukumwambia. Mama ni mtu wa usafi, akavibandua vyote sita siku moja kwa kuwa vilimkera, na kabla mwezi haujaisha tulikuwa dukani tena.

Ijumaa iliyopita walikuja wageni wa maneno mengi. Niliingia kumpa chai nikamkuta ametulia, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa. Nikamsemesha, kimya. Nikainama sikioni.

"Nimeizima," akasema. "Leo sisikii la mtu."