Jeki ya Tipa: Usitegemee Oili Peke Yake

Mwenye tipa la zamani abebaye mchanga au mawe huko Marungu, karibu na Voi, yampasa kufahamu jambo hili: bodi ikiisha kuinuliwa, haishikwi na chuma bali na oili iliyofungiwa ndani ya jeki. Mpira wa oili ukipasuka, au mtu akigusa mkono wa kuteremshia, bodi hushuka ghafula, na aliye chini yake hapati nafasi ya kutoka. Basi kabla ya kuingiza hata kichwa, mwaga mzigo wote, kisha simamisha mhimili wa chuma uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Gogo halifai, hata likiwa la mgunga.

Oili hupimwa bodi ikiwa chini. Ikiwa juu, nyingi imo ndani ya jeki na tangi litaonekana pungufu. Futa kwanza lile vumbi jekundu, ndipo ufungue kifuniko. Ikivuja, usiupapase mpira kwa kidole. Oili yenye nguvu hutoboa ngozi, na tundu lake, lijapokuwa dogo kama la sindano, ni la kupelekwa hospitali mara moja.

Mwagia mahali palipo sawa, mbali na nyaya za umeme. Mchanga wenye maji hunata upande mmoja, na lori huweza kupinduka.