SOMO LA MWEZI: MGOMBEA UDIWANI NA UKUTA WA MJI

Soma kwanza: Nehemia 2:1–18, Nehemia 5:1–19, Luka 14:28–30.



Katika uchaguzi mkuu, kila baada ya miaka 5, sisi Watanzania twamchagua Rais, Mbunge na Diwani. Habari za Rais na Mbunge huzungumzwa sana, za Diwani huzungumzwa kidogo. Hata hivyo taka zinazooza karibu na soko, zahanati isiyotosha watu, darasa lililojaa watoto na ugomvi wa viwanja ni mambo yafikayo mezani pa halmashauri, na diwani ndiye anayeketi huko kwa niaba ya kata. Mkristo akisema, "Mimi mambo hayo hayanihusu," na amkumbuke jirani yake mgonjwa na mtoto wake aliyeko shuleni.

Kanisa halitakuambia umchague nani, wala chama gani. Lakini Neno la Mungu latufundisha kumpima mtu atakaye kutuongoza. Basi mgombea akija kutueleza mambo atakayoyatanguliza, tumwulize maswali haya matano.

1. Je, ametazama kwanza? Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu. Kisha akatoka usiku na watu wachache, akaukagua ukuta, hata akafika mahali ambapo mnyama wake hakuweza kupita. Baada ya hapo ndipo aliposema na wakuu na watu. Mgombea aliyetembea kata yake ataweza kutaja mfereji ulioziba na shule yenye upungufu wa vyoo. Asiyetembea atasema tu, "Nitaleta maendeleo."

2. Je, kazi hiyo imo katika uwezo wake? Nehemia alijua lipi ni lake na lipi ni la mfalme. Ndiyo maana aliomba barua ili apewe miti ya msitu wa mfalme. Hapa wengi wetu tunadanganyika. Kwetu Dodoma maji ya bomba ni kazi ya DUWASA, umeme ni wa TANESCO, na barabara za mitaa zimekuwa chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Diwani aweza kuyasemea hayo na kufuatilia, lakini hawezi kuyaamuru. Anayeahidi kuleta bomba mlangoni kwako ndani ya mwezi mmoja anatoa ahadi ya kazi iliyo mikononi mwa wengine. Kwa upande mwingine, shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati, masoko, usafi wa mji, ushuru na sheria ndogo ni mambo ya halmashauri yenyewe. Hali kadhalika viwanja: Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ilivunjwa mwaka 2017, na kazi zake zikahamia halmashauri yetu, ambayo ilipata hadhi ya Jiji mwaka 2018. Mgombea asiyesema neno juu ya viwanja ameacha jambo kubwa linalomhusu.

3. Je, amehesabu gharama? Bwana wetu alisema habari za mtu aliyeanza kujenga mnara akashindwa kuumaliza, watu wakamcheka. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai, na fedha zake hazitoshi kila haja. Tena diwani ni mmoja kati ya wengi, na kila mmoja anayo kata yake. Basi mtu akitaja mambo kumi, tumwulize kwa upole: "Ndugu, la kwanza ni lipi, na lipi litangoja?" Ajibuye kwamba jambo fulani litangoja huenda ndiye mkweli kuliko wote.

4. Je, mnyonge yumo? Ukuta ulipokuwa ukijengwa, maskini walilia kwa sababu ya riba na mashamba yao yaliyowekwa rehani. Nehemia hakusema wangoje mpaka ukuta uishe. Aliwakemea wakuu, nao wakaahidi kurudisha. Sheria yetu, tangu mwaka 2018, yaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Tumwulize mgombea: utahakikishaje kwamba inawafikia wanaostahili, wala si jamaa na marafiki?

5. Je, mikono yake ni safi? Kwa miaka 12 Nehemia hakula posho ya liwali, kwa kuwa watu walikuwa wamelemewa. Siku hizi mwingine huja na pilau, kanga na noti zilizokunjwa. Zamani sheria iliruhusu "takrima" hiyo, lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba ni kinyume cha Katiba. Wapendwa, kanga huchakaa kabla ya miaka mitano kwisha. Na aliyeinunua kura yako anaona kwamba amekwisha kukulipa; utamdai nini tena?

Na sisi je? Katika Nehemia sura ya 3 twaona wengi wakijenga, kila mtu mbele ya nyumba yake. Tukikwisha kupiga kura kazi haijaisha. Yatupasa kuhudhuria mkutano wa mtaa, kusikiliza mapato na matumizi yakisomwa, na kuuliza bila matusi. Na diwani akitenda vema, tumshukuru.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni shida gani tatu za mtaa wetu zilizo katika uwezo wa halmashauri? Ipi itangulie?
2. Mjane mwenye njaa akipewa unga na mgombea, sisi jirani zake tumekosa wapi?
3. Mara ya mwisho ulihudhuria mkutano wa mtaa lini?

Tuombe

Ee Bwana, uliyemtia Nehemia moyo wa kuujenga mji, utupe viongozi wanaoona, wanaosema kweli na wasiopenda rushwa. Nasi utupe ujasiri wa kuuliza na mikono ya kufanya kazi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.