Namna Ninavyowaandikia Watoto Kuhusu Vijiji vya Hali ya Hatari

Ukitaka kumwandikia mtoto wa darasa la sita hadithi ya Hali ya Hatari huku Embu au Meru, usianzie msituni. Msituni kuna bunduki na majenerali, na kila anayeshika kalamu hukimbilia huko. Mimi huanzia kijijini, maana huko ndiko watoto walikofungiwa.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Kuanzia katikati ya 1954 serikali ya kikoloni iliwatoa watu mashambani mwao na kuwarundika katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na vigingi vilivyochongwa, vyenye lango la walinzi na kafyu. Wakikuyu, Waembu na Wameru wapatao milioni moja waliishi hivyo. Lakini milioni haimwambii mtoto kitu. Mpe handaki. Shosho mmoja wa pande za Runyenjes alinionyesha kwa mikono jinsi udongo ulivyotolewa: aliye chini anajaza karai, wa pili anapokea akiwa amepiga magoti ukingoni, wa tatu anakwenda kumwaga. Yeye, msichana mdogo, ndiye aliyekuwa wa tatu. Hapo nikapata sura nzima, kwa kuwa mhusika wangu sasa alikuwa na kazi mkononi.

Waulize wazee mambo madogo: lango lilifunguliwa saa ngapi, nani alikwenda mtoni, mbuzi walilala wapi. Ukianza na mateso, wengi watanyamaza.

Kwa wasomaji wakubwa kidogo, iko kambi ya vijana ya Wamumu, kule Mwea, wakati huo ikiwa Embu na sasa Kirinyaga. Katikati ya miaka ya 1950 wavulana waliozuiliwa, wakiwemo waliotoka kambi ya Manyani, waliwekwa hapo chini ya Geoffrey Griffin, ambaye mwaka 1959 alishiriki kuanzisha shule ya Starehe. Walisoma, wakajifunza ufundi, wakapiga gwaride. Na bado walikuwa mahabusu. Mvulana anashiba, anavaa sare, pengine anampenda mwalimu wake, na huku baba yake yumo kambi nyingine. Usimtatulie fumbo hilo. Mwache aishi nalo hadi ukurasa wa mwisho.

Anayenipa kazi zaidi ni kamatimu, yule mlinzi wa kijiji aliyekuwa upande wa serikali ya kikoloni. Leo wajukuu wa kamatimu na wajukuu wa waliokula kiapo cha Mau Mau wanakaa dawati moja. Ukimfanya zimwi, kuna mtoto atakayemficha babu yake. Mpe sababu zake: shamba analohofia kupokonywa, ndugu aliyeuawa usiku. Kisha uonyeshe ukatili wake bila kuupunguza hata chembe.

Kipigo chenyewe sikielezi kirefu. Baba anarudi kutoka kambi za Mwea, vidole havimruhusu kufunga vifungo vya shati; binti anamfungia. Mzazi akidai umetia chumvi, mkumbushe kwamba Juni 6, 2013 serikali ya Uingereza yenyewe ilikiri kwamba watu waliteswa, ikakubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228.

Na umri uuchunge sana. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Aliyekuwa na miaka 8 handaki likichimbwa, wakati huo anakaribia 14, na hawezi kuendelea kuongea kama mtoto wa darasa la pili. Mimi huandika umri wa mhusika juu ya kila sura kabla sijaanza, kisha huufuta rasimu ikikamilika.