Kutoka Chuo cha Jamii hadi Shahada ya Hisabati California: Kabla Hujalipa Ada

Anayetaka kusoma California anaweza kuanzia katika chuo cha jamii, ambako ada ni nafuu kuliko ya chuo kikuu. Utaratibu huo umezoeleka: mwanafunzi husoma miaka miwili, hukusanya uniti 60 za mihula, kisha huomba kuingia mwaka wa tatu wa chuo kikuu cha umma.

Uniti 60 pekee, hata hivyo, hazimfikishi mtu katika shahada ya hisabati. Kwa kawaida idara humtarajia awe amefaulu mfululizo wa kalkulasi, hadi ile ya vigezo vingi, pamoja na aljebra ya mstari na milinganyo ya difarensha. Masomo haya hupandwa kama ngazi, na ngazi nzima huchukua takriban mihula minne. Anayeanza kalkulasi muhula wa kwanza humaliza kwa wakati, lakini hana nafasi ya kurudia somo hata moja, isipokuwa atumie kiangazi. Anayepangiwa kwanza somo la matayarisho amekwisha kuchelewa muhula mmoja. Na kwa mwanafunzi wa kigeni, anayelipia kila uniti kwa kiwango cha juu kuliko mkaazi wa jimbo, muhula huo si fedha ndogo. Kwa hiyo aliyesoma hisabati hadi kidato cha sita aulize mapema chuo kinataka uthibitisho gani ili aanze kalkulasi moja kwa moja, naye awe na silabasi na matokeo yake mkononi.

Tunatahadharisha pia kuhusu majina ya kozi. Kalkulasi ya wanafunzi wa biashara na takwimu za awali huweza kuhesabiwa katika zile uniti 60, lakini kwa kawaida hazishiki nafasi ya kalkulasi inayodaiwa na idara ya hisabati.

Pa kuhakikishia ni ASSIST, tovuti ya umma isiyotoza malipo, inayoonyesha kozi ipi ya chuo cha jamii inakubaliwa badala ya ipi ya chuo kikuu. Isome kwa chuo chako, kampasi unayoitaka, shahada yako na mwaka husika. Orodha ya rafiki aliyesoma chuo jirani haikufai. Linganisha kampasi mbili au tatu, kwa maana moja huweza kudai kozi ya kuandika programu na nyingine isidai.

Mwenye viza ya F-1 hutakiwa kusoma angalau uniti 12 kila muhula. Akielemewa na somo, aionane na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kuliacha.

Wakala akikuahidi kwamba uniti zote zitahamishwa, mwombe akuonyeshe ukurasa wa ASSIST wenye jina la chuo, kampasi na shahada ya hisabati. Akishindwa, usimlipe.