Kura, Sampuli na Amana ya Mtafiti



Ndugu zangu, mimi nasoma masomo ya Kiislamu, lakini somo la mbinu za utafiti tunakaa darasa moja na wenzetu wa biashara na ualimu. Kila mtihani ukikaribia naulizwa swali lilelile: aina za usampulishaji zinatofautianaje? Nitajibu kwa mfano mmoja.

Tuchukulie jumuiya yetu inataka kujua ni wanafunzi wangapi hawana uhakika wa futari na daku. Orodha ina Waislamu 600, katika hosteli 20 zenye watu 30 kila moja. Uwezo wetu ni kuwahoji 60.

Nasibu rahisi: andika majina yote 600, yachanganye, kisha toa 60 kwa kura. Kila mmoja ana nafasi sawa.

Utaratibu: gawa 600 kwa 60, upate 10. Piga kura ya namba kati ya 1 na 10. Ikitoka 7, mchukue wa 7, wa 17, wa 27, hadi mwisho. Angalia tu orodha isiwe na mpangilio unaojirudia, kwa mfano kila jina la kumi kuwa kiongozi wa chumba.

Tabakishi: ikiwa wanaume ni 360 na wanawake 240, piga kura ndani ya kila kundi. Chukua wanaume 36 na wanawake 24, ili uwiano ubaki uleule.

Vishada: chagua hosteli 2 kwa kura, uwahoji wote waliomo. Ni nafuu kwa nauli na muda, ila wakazi wa hosteli moja huwa na hali zinazofanana.

Hizi mbili za mwisho ndizo zinazowachanganya wengi. Kwenye matabaka tunachukua baadhi ya watu kutoka kila kundi. Kwenye vishada tunachukua makundi machache na kuwahoji watu wake wote.

Kuna pia usampulishaji wa urahisi, yaani kuwahoji walio karibu. Ukisimama mlangoni mwa msikiti baada ya Ijumaa utapata 60 upesi, lakini aliyekwenda kufanya kibarua mjini ili apate chakula hutamwona. Ndiye hasa uliyekuwa unamtafuta.

Wengine hudhani wingi wa watu huondoa kasoro hiyo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10, na zaidi ya milioni 2 wakajibu. Likatabiri kuwa Landon angeshinda urais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya dhiki ambapo vitu hivyo vilikuwa vya wenye nafuu. Tena, waliotumiwa wengi hawakujibu.

Je, kura si kamari? Hapana. Katika Sahih al-Bukhari, Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wake zake. Kura hapo iliondoa upendeleo. Kamari ni kuhatarisha mali ili mmoja apate na mwingine apoteze, na mishale ya kupigia ramli imekatazwa katika Suratul Maida. Mtafiti hatafuti ghaibu wala hachezei mali ya mtu. Anajizuia asichague anaowapenda.

Jipime: mtafiti anachagua shule 5 kati ya 40 kwa kura, kisha anawahoji walimu wote wa shule hizo. Ukisema ni vishada, umeelewa.

Ndugu yangu, ripoti yako ni ushahidi juu ya watu ambao hukuwauliza. Kwa ripoti hiyo mwenzako anaweza kupata futari au kusahauliwa. Basi kabla ya kugawa dodoso jiulize: nani hana nafasi ya kuingia katika sampuli yangu?

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.